Kiti cha Jiwe la Mama

Cranston, Rhode Island
11 Januari

Mpendwa mdogo wangu Shakeh,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo na baridi ya huko? Shemeji mgongo wake umepata nafuu? Na mwanao Vahan, bado anasahau kukupigia simu? Sisi huku tunakwenda hivyo hivyo. Mama anakula, anatembea mpaka dirishani na kurudi. Jumapili nilimpeleka kanisani, akaimba nyimbo zote bila kukosea neno hata moja, na tulipotoka nje akaniuliza mimi ni nani. Mimi mzima, ila nimechoka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunagombana, na nikipandisha sauti Mama analia.

Kuna jambo. Kidole chake cha pete kilivimba mpaka kikawa cha zambarau. Nilijaribu sabuni, barafu, uzi, mafuta ya zeituni, pete haikusogea. Ikabidi tukimbilie hospitali, wakaikata kwa msumeno mdogo. Alilia sana, na hakulia kwa maumivu. Alikuwa anasema, "Mihran ataniuliza pete iko wapi, nitamjibu nini?" Nesi akaniuliza Mihran ni nani. Nikamwambia ni baba yetu, na kwamba hatauliza, yuko makaburini siku nyingi.

Pete yenyewe ilikuwa imekwisha. Kucha zile sita zilizoshika jiwe zilikuwa zimelika hadi kubaki kama nyuzi. Sijui almasi haikuanguka kwa nini wakati Mama anakanda unga miaka yote ile. Nimeitoa, nimeichemsha, nimeisafisha, kisha nikailaza kifudifudi juu ya karatasi nyeupe iliyokunjwa, karibu na dirisha, kama tunavyofanya kwenye karakana ya vito tukitaka kujua rangi ya jiwe. Shakeh, si nyeupe. Ina rangi. Kidogo tu, kama maji yaliyopitishwa majani ya chai mara moja, lakini rangi ipo. Unakumbuka Baba alivyokuwa akisema mbele ya wageni? "Nyeupe kuliko theluji ya Mlima Ararat!" Alikuwa fundi wa kupachika mawe maisha yake yote, alijua fika. Ndiyo maana akaliweka kwenye dhahabu ya njano, na akalifunga chini Mama asiweze kuchungulia. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Sasa Mama kila asubuhi anaamka anaitafuta. Anatazama chini ya mto, anatia mkono kwenye kopo la sukari. Anawaambia majirani kwamba yule mwanamke wa karakana ameiba pete yake. Yule mwanamke wa karakana ni mimi.

Nataka kulitengenezea kiti kipya cha kulishika kwenye pete, sawasawa na kile cha zamani, nimrudishie. Nakuuliza kwa sababu jiwe ni la familia. Nijibu upesi.

Dada yako,
Araksi


Duluth, Minnesota
24 Januari

Kwako dada yangu Araksi,

Salamu nyingi sana, na pole kwa yote. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni na koti bado mwilini. Sisi tu wazima. Mgongo wa mume wangu ni ule ule. Theluji imefika kwenye madirisha, na mimi nalisha watoto wa shule nzima tangu alfajiri mpaka miguu inakufa ganzi. Wewe mwenyewe huko najua hulali. Mimi nalala lakini sijui usingizi unakwenda wapi.

Dada, labda Mungu ana mpango wake. Vahan amepata mchumba! Nilitaka kukuambia kwa furaha, basi nakuambia hivi hivi. Anaitwa Britta, ni wa huku huku, wazee wake walitoka Norwei. Anasafisha meno kwa daktari wa meno. Ni mrefu, anacheka kwa sauti, na anajua kukunja majani ya mzabibu yenye wali kuliko mimi. Tunataka kufanya siku ya kutoa neno kama ilivyo kwetu, wazazi wa pande zote wakutane, padri abariki pete, kabla majira ya joto hayajaanza.

Unakumbuka Mama alichosema siku Vahan anabatizwa? Alimnyanyua mkono wake mdogo, akagusa nao pete, akasema mbele ya watu wote: "Hii ni ya mke wa huyu." Wewe ulikuwapo, wewe ndiye uliyeshika mshumaa.

Britta anapenda platinamu, na kucha nne nyembamba, jiwe lisimame juu lipate mwanga. Nilimwambia lina rangi kidogo, akasema haidhuru. Tafadhali litengeneze hivyo, hakuna fundi ninayemwamini kuliko wewe.

Kuhusu Mama, mpe pete yoyote yenye kioo kinachong'aa. Usinielewe vibaya. Hajui tena siku wala mwezi, atajua jiwe?

Mdogo wako akupendaye,
Shakeh


Cranston
6 Februari

Shakeh,

Salamu. Sisi wazima. Nampongeza Vahan kwa moyo wangu wote, na msichana nampenda kabla sijamwona, kwa ajili ya yale majani ya mzabibu.

Lakini ngoja nikueleze kuhusu hiyo pete ya kioo. Nilifanya ulivyosema. Nilichagua kioo kizuri, ukubwa ule ule, nikakipachika kwenye dhahabu ile ile ya zamani niliyoiunga. Nikamvisha akiwa anakunywa supu. Akakiangalia. Akakisogeza mdomoni, akakipulizia pumzi, haa, akangoja. Unajua almasi ukiipulizia, ukungu unaondoka hapo hapo, lakini kioo kinabaki na ukungu. Kikabaki. Akaivua pete taratibu, akaitumbukiza kwenye supu, akaniambia, "Mwambie bosi wako sisi hatufanyi kazi ya namna hii." Mama yetu alikaa kwenye meza za kiwanda cha vito Providence tangu msichana mpaka mvi, Shakeh. Jina langu limemtoka, kazi haijamtoka. Usiniambie hajui.

Na sasa hiyo platinamu. Jiwe lenye rangi ukiliweka kwenye chuma cheupe, weupe wa chuma unalisengenya. Litaonekana kama jino la mvuta sigara. Ukiliweka kwenye dhahabu ya njano, dhahabu inakuwa njano kuliko lenyewe, basi jicho linaliona jeupe. Baba alijua. Halafu kucha nne! Moja ikivunjika jiwe limekwenda. Na msichana anayevaa glovu kutwa nzima, hizo kucha ndefu zitachana glovu moja baada ya nyingine, atakuwa anawatia watu almasi mdomoni.

Litakaa kwenye dhahabu ya njano, kucha sita, na atalivaa mwenye nalo. Mama akiondoka, Britta atalichukua na baraka zangu. Sisemi ahadi haipo. Nasema mwenye mkono bado yupo, na kila asubuhi anaulizia pete yake, na anayeulizwa ni mimi.

Dada yako,
Araksi


Duluth
19 Februari

Kwa Araksi,

Natumaini hamjambo.

Nimesoma. Nimesoma tena nikitafuta mahali uliponiuliza nionavyo, sikupaona. Uliniandikia "nakuuliza kwa sababu jiwe ni la familia", kumbe ulishaamua na ulitaka tu niitikie kama watoto wa darasa la kwanza.

Ndivyo ilivyo siku zote. Wewe ulibaki, basi nyumba ni yako, Mama ni wako, kaburi la Baba ni lako, na kiti cha jiwe ni chako. Mimi niliyeondoka sina hata haki ya kuchagua kucha. Nilikuja mara ngapi, Araksi, ukaninyang'anya kijiko mkononi kwa sababu simlishi Mama ipasavyo? Mara ngapi nilisema nichukue zamu mwezi mmoja ukaniambia sitaweza? Unalalamika umechoka na hutaki mtu akushike mkono.

Umelikalia jiwe kama ulivyokalia kila kitu. Haya, likalie. Nitamnunulia Britta pete dukani.

Shakeh


Duluth
28 Machi

Dada,

Salamu. Hujajibu, wala mimi sikutegemea.

Sina maneno mengi. Vahan na Britta wanakuja kwako kwa gari baada ya Pasaka. Sikuwatuma, wamejituma wenyewe. Vahan anataka kumwona bibi yake angali anaweza kumwona. Usiwaadhibu kwa ajili yangu. Msichana hali kondoo, usimlazimishe. Na usimruhusu aoshe vyombo, atataka kuosha vyote.

Mama anaendeleaje? Niambie hilo tu.

Shakeh


Cranston
2 Mei

Shakeh mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa shemeji. Unisamehe kwa kimya. Sikuwa nimekasirika wakati wote. Nilikasirika mwanzoni, halafu nikawa nimechoka mno hata kukasirika. Kila nikishika kalamu Mama anaamka.

Uliuliza anaendeleaje. Anapungua. Anakula kidogo kama ndege na analala mchana. Daktari hasemi lini, lakini amenipunguzia dawa za kumpa, na nimeelewa.

Watoto walikuja. Walikaa wiki nzima. Britta aliosha vyombo vyote na sikuweza kumzuia, ana nguvu kama farasi. Vahan alimwogesha bibi yake miguu na kumkata kucha, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi kwa sababu sikutaka anione nalia. Kondoo sikumlazimisha. Nilimpikia ngano na dengu, akala sahani mbili.

Siku ya pili nilitaka kumwonyesha jiwe, nimnyamazishe na platinamu yake mara moja. Nilijiandaa kabisa. Nikaweka karatasi nyeupe mezani, karibu na dirisha, nikalishika jiwe kwa kibanio, nikalilaza kifudifudi. "Tazama mwenyewe rangi yake," nikamwambia.

Akatazama. Akaniuliza, "Mama Mkubwa, mbona limelala kifudifudi?"

Nikamwambia ndivyo tunavyopima rangi.

"Lakini mimi sitalivaa likiwa kifudifudi," akasema. "Sisi kazini, mtu akitaka jino la bandia, hatuchagui rangi kwenye karatasi. Tunamshikia vipande vya rangi pembeni mwa mdomo, karibu na uso wake, na vikiwa vimelowa. Jino likipendeza mezani linaweza kumharibu mtu usoni."

Kisha, kabla sijamwambia asilishike kwa vidole, akalishika kwa vidole! Akalibana katikati ya vidole viwili, uso juu, akalipeleka kwenye mwanga. Shakeh, nimepachika mawe tangu Baba aliponikabidhi kibanio. Hilo jiwe nililipima majira yote ya baridi, nikalitazama kwa mgongo wake tu, kwa sababu nilikuwa na hasira nalo, na wewe pia. Kwenye mkono wa yule msichana lilikuwa jeupe. Si jeupe la theluji ya Ararat, usinicheke. Lakini jeupe, na joto kidogo ndani yake.

Nikaona nifanye mambo kwa haki. Nikaleta kiti kitupu cha platinamu na kingine cha dhahabu, nikabandika jiwe kwa nta, kwanza hapa kisha pale, akavaa vyote viwili mbele ya kioo. Kwenye platinamu alikunja uso mwenyewe. "Hapana," akasema, "hapa fundi amekosea rangi ya jino." Kwa hiyo kuhusu dhahabu mimi sikukosea, andika hilo mahali. Lakini kucha sita nilikosea. Nilizitaka kwa sababu ya Mama, nikasingizia usalama. Glovu hazitaki kucha sita wala nne, zinataka ukingo laini unaolikumbatia jiwe pande zote, uliolala chini karibu na kidole. Britta alipouona tu akasema, "Huu!" Nikafanya kazi hiyo siku tatu jikoni, Vahan akimsomea Mama gazeti lile lile mara nyingi.

Nilipomaliza nikapeleka kwa Mama kwanza. Nilitaka alivae yeye. Britta mwenyewe ndiye aliyesema hivyo: "Mpe bibi, mimi nina muda." Basi Mama akaipokea. Akaigeuza. Sura ya pete ni mpya kwake, nami nikangoja kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Akaisogeza mdomoni. Haa. Ukungu ukaondoka hapo hapo. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Hili ni langu."

Kisha akamtazama Britta aliyekuwa amekaa miguuni pake. Akamwambia, "Shakeh, umerudi. Mikono yako baridi."

Hakuna aliyemsahihisha. Akamvuta karibu, akamnong'oneza, lakini Mama hajui tena kunong'ona, sote tulisikia: "Hili jiwe lina njano. Nilijua siku ile ile aliyonivisha. Baba yako anadhani sijui kwamba aliificha kwa dhahabu yake. Usimwambie. Aliweka akiba muda mrefu." Akaivua, akamvisha Britta kidoleni. Ikamkaa kama imepimwa, na ilikuwa imepimwa kidole cha Mama! Tangu siku hiyo hajaiulizia.

Nilifurahi, Shakeh. Nakuambia kweli kwamba nilifurahi. Na usiku ule ule niliumia, kwa sababu alipotaka kumpa mtu kitu chake cha mwisho alikupa wewe. Mimi nilikuwa nimesimama pale na aproni yangu, na aliponiona aliniuliza kama saa ya kazi imekwisha.

Ulisema sitaki mtu anishike mkono. Ni kweli. Sasa nataka. Njoo, tafadhali. Sitakunyang'anya kijiko. Nimechoka hoi, mdogo wangu, na sitaki awe ameshakupa pete halafu usije.

Dada yako,
Araksi


Jikoni kwako
Jumanne, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu,

Hujambo huko kwenye kiti chako? Umelala mdomo wazi, na mkoba wangu bado uko mlangoni ulipoupokea. Ulikaa "kupumzika dakika moja" ndipo nikasikia unakoroma. Nimekufunika blanketi la Baba. Usiamke kwa ajili ya chochote, sufuria nimezima.

Nakuandikia kwa sababu kuna kitu kimetokea hujakisikia, na nikikuambia kwa mdomo utasema nimekitunga ili nikufurahishe. Wewe nakufahamu.

Mama aliamka saa ile umesinzia. Nikamsogelea nikasema, "Mama, ni mimi, Shakeh, nimekuja." Akaniangalia kwa adabu sana, kama unavyomwangalia mtu wa benki. Akasema, "Karibu. Shakeh ameolewa, ana pete. Wewe ni mgeni wa nani?" Nikamjibu mimi ni mgeni wa nyumba hii. Niliogopa siku hii tangu nipande ndege, dada, na ilipofika iliuma kama nilivyojua itauma. Nadhani wewe unaipata kila asubuhi na kifungua kinywa. Nisamehe kwa ile barua ya Februari.

Nikamlisha supu. Pole pole, kijiko kidogo, kama wewe. Alikula nusu bakuli.

Akakuona kwenye kiti. Nikangoja aseme lile neno lake, mwanamke wa karakana. Nikamuuliza, "Unamjua yule?"

Akanikasirikia kidogo, kama nimeuliza swali la kipumbavu. Akasema, "Huyo ni Araksi wangu. Mwache alale. Tangu mtoto huyo hana usingizi, anasikiliza kama mimi napumua."

Kisha akaomba chai, na nikaenda kumtengenezea. Sasa tunatoka, nitakuwa naye uani kwenye jua, nimemvalisha soksi mbili. Chai yako iko kwenye chupa. Tunakungoja, lakini usiharakishe.

Mdogo wako,
Shakeh